Epijenetiki ya ugonjwa wa ini lenye mafuta

Epijenetiki ya ugonjwa wa ini lenye mafuta ni jumla ya mabadiliko yanayotokea juu ya DNA na juu ya protini zinazoibeba ndani ya seli za ini, bila kubadilisha mpangilio wa DNA yenyewe, na ambayo huchangia ini kulimbikiza mafuta, kupata inflamesheni na hatimaye kuwa na makovu. Mabadiliko hayo huamua ni jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze.

Ugonjwa wa ini lenye mafuta ni kati ya magonjwa ya ini yaliyoenea zaidi: inakadiriwa kwamba takriban robo hadi theluthi moja ya watu wazima duniani wanao. Hata hivyo si kila mtu mwenye uzito mkubwa huupata, na kati ya wanaoupata ni wachache tu wanaofikia sirosisi au saratani ya ini. Jeni za kurithi hueleza sehemu ya tofauti hiyo. Sehemu nyingine hutafutwa katika epijenetiki, yaani katika alama ambazo chakula, pombe, umri, mpangilio wa usingizi na hata lishe ya mama mjamzito huziacha juu ya jeni. Baadhi ya alama hizo zinaweza kufutika mtu anapopunguza uzito. Nyingine hudumu kwa muda mrefu.

## Ugonjwa wenyewe

Ini la mtu mwenye afya huwa na mafuta kidogo sana. Husemwa kuwa ini lina mafuta kupita kiasi pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zina matone ya mafuta yanayoonekana kwa hadubini. Mafuta hayo hutoka katika njia tatu: asidi za mafuta zinazotiririka kutoka tishu ya mafuta ya mwili, mafuta ya chakula, na mafuta ambayo ini lenyewe hutengeneza kutokana na sukari na wanga uliozidi. Ini huyapunguza kwa kuyachoma ndani ya mitokondria au kwa kuyasafirisha nje kupitia damu. Ugonjwa huanza pale yanayoingia na kutengenezwa yanapozidi yanayochomwa na kusafirishwa.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihusishwa na ulevi. Mwaka 1980 daktari Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza wagonjwa wasiokunywa pombe ambao maini yao yalionekana kwa hadubini sawa na ya walevi. Tangu hapo kundi hilo liliitwa "ugonjwa wa ini lenye mafuta usiotokana na pombe". Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vilikubaliana kulibadilisha jina, ili ugonjwa utajwe kwa kile kinachousababisha, yaani kuvurugika kwa umetaboli: unene wa kupindukia, kisukari cha aina ya 2, shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu.

Ugonjwa hupitia hatua kadhaa:

1. Mafuta kujaa katika seli za ini, kwa kawaida bila dalili yoyote.
2. Inflamesheni, ambapo seli za ini huvimba na kufa, na seli za kinga huingia katika ini.
3. Makovu, ambapo nyuzi ngumu huchukua nafasi ya tishu hai.
4. Sirosisi, yaani ini kuwa na makovu mengi kiasi cha kushindwa kufanya kazi yake vizuri.
5. Kwa baadhi ya wagonjwa, saratani ya ini, ambayo mara nyingine hutokea hata kabla ya sirosisi.

## Maana ya epijenetiki

Neno "epijenetiki" linatokana na neno la Kigiriki "epi", maana yake "juu ya", likiunganishwa na "jenetiki". Lilianza kutumiwa kwa maana ya kisasa na mwanabiolojia Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942, kabla ya umbo la DNA kujulikana.

Karibu kila seli ya mwili ina DNA ileile. Seli ya ini na seli ya ubongo hutofautiana kwa sababu kila moja husoma sehemu zake tu za DNA hiyo. Mtu anaweza kuifananisha DNA na kitabu kimoja kikubwa cha mapishi kilichogawiwa kila jiko: maandishi hayabadiliki, lakini katika kila jiko kurasa fulani zimewekewa alama za kufunguliwa kila siku na nyingine zimebandikwa zisifunguke.

Alama hizo ni za aina kuu tatu:

- Metilisheni ya DNA, yaani kubandikwa kwa kikundi kidogo cha kikemia kiitwacho methili juu ya DNA.
- Mabadiliko ya histoni, ambazo ni protini zinazoviringishiwa DNA.
- RNA zisizotengeneza protini, hasa maikro-RNA, ambazo huzuia ujumbe wa jeni usigeuzwe kuwa protini. Baadhi ya wataalamu huzihesabu kuwa sehemu ya epijenetiki, wengine huziweka kando. Katika utafiti wa ini kwa kawaida huelezwa pamoja.

## Kwa nini jeni za kurithi hazitoshi

Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Marekani, waligundua kwamba aina fulani ya jeni iitwayo PNPLA3 huongeza sana mafuta katika ini. Aina hiyo ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini na si ya kawaida sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Jeni nyingine kama TM6SF2 ziliongezwa baadaye katika orodha.

Lakini mtu anaweza kubeba aina hiyo ya PNPLA3 na kubaki na ini zuri akiwa na uzito wa kawaida, ilhali mwingine asiyekuwa nayo hupata sirosisi. Pia ugonjwa umeongezeka haraka katika miongo michache, wakati jeni za binadamu hazibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni chakula, kazi za kukaa, na uzito wa mwili. Epijenetiki ni mojawapo ya njia ambazo mazingira hayo hufikia jeni.

## Metilisheni ya DNA

DNA huandikwa kwa besi nne. Mojawapo, sitosini, inaweza kubandikwa kikundi cha methili, hasa pale inapofuatwa na besi ya guanini. Methili zikikusanyika katika eneo la kuanzishia jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza. Vimeng'enya viitwavyo DNMT hubandika methili. Vingine viitwavyo TET huanzisha kazi ya kuziondoa.

### Methili hutoka wapi

Methili zinazobandikwa juu ya DNA hutoka katika molekuli iitwayo S-adenosilimethionini, kwa kifupi SAM. Sehemu kubwa ya SAM ya mwili hutengenezwa na kutumiwa katika ini. Malighafi yake hutoka katika chakula: methionini katika nyama, samaki na mayai, kolini katika mayai, maini, samaki na maharagwe, foleti katika mboga za majani na jamii ya kunde, na vitamini B12 katika vyakula vya wanyama. Kwa sababu hiyo ini ni kiungo ambacho lishe na epijenetiki hukutana moja kwa moja.

Uhusiano wa kolini na ini lenye mafuta ulijulikana kabla ya epijenetiki. Mwaka 1932 Charles Best, mmoja wa wagunduzi wa insulini, na wenzake wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba kolini huzuia mafuta kujaa katika ini la wanyama wa maabara. Uchunguzi huo ulitokana na mbwa walioondolewa kongosho: insulini iliwaweka hai, lakini maini yao yalijaa mafuta mpaka walipopewa lesithini, ambayo ina kolini ndani yake. Baadaye ilionekana kwamba hata binadamu wanaolishwa kwa mishipa kwa muda mrefu bila kolini hupata ini lenye mafuta. Katika majaribio ya lishe, wanaume na wanawake waliokoma hedhi waliathiriwa na upungufu wa kolini zaidi kuliko wanawake wenye umri wa kuzaa, kwa sababu homoni ya estrojeni huwezesha mwili kujitengenezea kolini zaidi.

Kolini ina kazi mbili hapa. Inahitajika kutengeneza utando wa chembe zinazosafirisha mafuta nje ya ini, na pia ni chanzo cha methili. Ini linapolazimika kujitengenezea kolini hutumia SAM kwa wingi, hivyo upungufu wa kolini hugusa pia methili zinazobaki kwa ajili ya DNA.

Panya wa maabara walioharibiwa jeni ya MAT1A, ambayo hutengeneza SAM katika ini, hupata ini lenye mafuta na baadaye saratani. Lakini panya walioharibiwa jeni ya GNMT, ambayo kazi yake ni kupunguza SAM iliyozidi, nao hupata ini lenye mafuta na saratani, ingawa wao wana SAM nyingi mno. Hivyo upungufu na wingi wa kupita kiasi vyote vina madhara. Hii ni sababu mojawapo ya kutodhani kwamba kumeza vidonge vingi vya vitamini hizo kutaponya ini.

### Yaliyoonekana kwa binadamu

Ili kupima alama za jeni za ini inabidi kupata kipande kidogo cha ini kwa sindano au wakati wa upasuaji. Tafiti kadhaa zimefanya hivyo:

- Mwaka 2010 watafiti wa Argentina waliripoti kwamba jeni PPARGC1A, inayosimamia utengenezaji wa mitokondria, ilikuwa na methili zaidi katika maini ya watu wenye ukinzani dhidi ya insulini. Maini yenye methili nyingi katika jeni hiyo yalikuwa pia na DNA chache za mitokondria, yaani yalionekana kuwa na uwezo mdogo wa kuchoma mafuta.
- Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walilinganisha ugonjwa mkali na ule mwepesi. Katika ugonjwa mkali, jeni za kutengeneza na kurekebisha tishu zilikuwa zimepungukiwa methili na kufanya kazi kupita kawaida, wakati jeni nyingi za umetaboli, zikiwemo za mzunguko wa methili wenyewe, zilikuwa zimezimwa kiasi.
- Mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani walilinganisha maini ya watu kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Matokeo yao yameelezwa chini, katika sehemu ya kufutika kwa alama.

Picha inayojitokeza ni ya ini linalobadili kazi hatua kwa hatua: jeni za kuchoma na kupanga mafuta zinapungua sauti, na jeni za kujenga makovu zinaongezeka sauti.

## Histoni na saa ya mwili

DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia urefu wa mita 2 hivi. Inaenea ndani ya kiini cha seli kwa sababu imeviringishwa juu ya histoni, kama uzi juu ya vibirigizi vingi. Histoni zikibandikwa vikundi vya asetili, uzi hulegea na jeni husomeka. Asetili zikiondolewa, uzi hukaza na jeni hunyamaza.

Kimeng'enya kimojawapo kinachoondoa asetili huitwa HDAC3. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika ini la panya HDAC3 hushika na kuachia DNA kwa kufuata saa 24. Panya ni wanyama wa usiku. Mchana, wanapolala, HDAC3 hushika maelfu ya sehemu za DNA na kutuliza jeni za kutengeneza mafuta. Usiku, wanapokula, huziachia. Panya walioondolewa HDAC3 katika ini walijaa mafuta kwenye ini hilo. Ugunduzi huu ulisaidia kueleza jinsi saa ya mwili inavyohusiana na mafuta ya ini, na kwa nini watafiti wanachunguza athari za kula na kulala kwa nyakati zisizo za kawaida.

Kundi jingine la vimeng'enya vya namna hiyo ni sirtuini. Hivi hutegemea molekuli iitwayo NAD, ambayo kiasi chake huonyesha hali ya nishati ya seli. Panya wasio na SIRT1 katika seli za ini hupata mafuta na inflamesheni zaidi wanapolishwa chakula chenye mafuta mengi.

Pombe nayo hufikia histoni. Ini linapovunja pombe hutengeneza asetati, ambayo inaweza kutumika kubandika asetili juu ya histoni, na wakati huohuo pombe hupunguza SAM. Hivyo ini lenye mafuta linalotokana na pombe na lile la umetaboli hupita katika baadhi ya njia zilezile, na mtu mwenye yote mawili huwa katika hatari kubwa zaidi.

## Maikro-RNA

Maikro-RNA ni nyuzi fupi za RNA zenye besi takriban 22. Ziligunduliwa na Victor Ambros na Gary Ruvkun katika mnyoo mdogo mnamo 1993, na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024. Kila moja inaweza kutuliza jeni nyingi kwa pamoja.

Katika ini la mtu mzima maikro-RNA moja, miR-122, huchukua sehemu kubwa kuliko zote nyingine: takriban asilimia 70. Panya wasiokuwa nayo hupata ini lenye mafuta, kisha inflamesheni, makovu na saratani. Kwa wagonjwa wenye inflamesheni ya ini lenye mafuta, miR-122 hupungua ndani ya ini lakini huongezeka katika damu, kwa sababu seli zinazoumia huimwaga nje. Kwa hiyo imechunguzwa kama kipimo cha damu cha kuumia kwa ini.

Nyingine, miR-34a, huongezeka katika ini lenye mafuta. Kazi yake mojawapo ni kuizuia SIRT1 iliyotajwa juu. Mfano huu unaonyesha kwamba aina tatu za alama hazifanyi kazi kila moja peke yake: maikro-RNA hupunguza kimeng'enya, kimeng'enya kikipungua histoni hubadilika, na jeni za mafuta hubaki wazi.

## Kutoka mafuta hadi makovu

Mafuta peke yake kwa kawaida si hatari kubwa kwa uhai wa mgonjwa. Kinachoamua zaidi hatima yake ni kiasi cha makovu. Makovu hutengenezwa hasa na seli-nyota, ambazo katika ini lenye afya hutulia na kuhifadhi vitamini A. Ini likiumia, seli-nyota huamka, huacha vitamini A yake, huongezeka na kutoa nyuzi za kolajeni.

Kuamka huko ni mabadiliko makubwa ya tabia ya seli, na husimamiwa na epijenetiki. Jeni PPARG, ambayo huituliza seli-nyota, huzimwa kwa methili na kwa alama za histoni. Katika majaribio ya panya, jeraha la ini lilipokoma, takriban nusu ya seli zilizokuwa zimeamka zilirudi katika utulivu. Hata hivyo hazikurudi kuwa kama zamani kabisa: jeraha jipya lilipotokea, ziliamka haraka kuliko seli ambazo hazijawahi kuamka. Ni aina ya kumbukumbu ya seli, na inaweza kusaidia kueleza kwa nini ini lililowahi kuumia huhitaji uangalizi hata baada ya kupata nafuu.

## Kutoka mzazi hadi mtoto

Alama nyingi za epijenetiki hufutwa na kuandikwa upya mwanzoni mwa uhai wa kiinitete. Kwa hiyo kipindi cha mimba ni wakati ambapo lishe inaweza kuacha athari ya kudumu.

Mfano unaojulikana zaidi kwa binadamu ni njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 nchini Uholanzi, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Watu ambao mama zao walikuwa na mimba changa katika njaa hiyo walipimwa miongo sita baadaye, na jeni yao ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na methili chache kuliko ya ndugu zao ambao mimba zao hazikukutana na njaa. Utafiti huo ulipima damu, si ini, lakini ulionyesha kwamba alama ya mimba inaweza kuonekana hata uzeeni.

Kuhusu ini lenyewe, ushahidi wa karibu zaidi unatoka kwa makaki wa Japani, jamii ya kima, waliofugwa katika maabara ya Marekani. Makaki wajawazito waliolishwa mafuta mengi walikuwa na vijusi vyenye mafuta zaidi katika ini, na histoni za maini hayo zilikuwa na alama tofauti za asetili. Athari ilitokea hata kwa baadhi ya mama ambao hawakunenepa, jambo linaloonyesha kwamba chakula chenyewe kina nafasi yake mbali na uzito.

Baba pia amechunguzwa. Mwaka 2012 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliripoti kwamba panya dume walioumizwa ini walizaa watoto waliopata makovu machache kuliko kawaida walipoumizwa ini kwa njia ileile. Katika maini ya watoto hao jeni PPARG ilikuwa na methili chache. Hapa urithi ulikuwa wa kinga, si wa ugonjwa.

Matokeo haya hayamaanishi kwamba mama au baba ndiye wa kulaumiwa kwa ugonjwa wa mtoto. Alama za mimba ni sababu moja kati ya nyingi, na maisha ya baadaye yana uzito mkubwa.

## Kufutika kwa alama

Swali lenye maana zaidi kwa mgonjwa ni kama alama hizi zinaweza kuondoka. Jibu la utafiti hadi sasa lina pande mbili.

Upande wa kwanza unatia moyo. Watafiti wa Ujerumani waliotajwa juu walipima maini ya watu wanene waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Sehemu ya mabadiliko ya metilisheni yaliyohusishwa na ugonjwa ilirudi kuelekea hali ya kawaida baada ya uzito kupungua, pamoja na kazi za jeni husika.

Upande wa pili unaonya. Mwaka 2014 watafiti walitumia "saa ya epijenetiki", yaani kipimo kinachokadiria umri wa tishu kwa kuangalia metilisheni yake. Waligundua kwamba ini la mtu mnene huonekana kuwa na umri mkubwa kuliko miaka yake: takriban miaka 3.3 zaidi kwa kila nyongeza ya pointi 10 katika kipimo cha uwiano wa uzito na kimo. Kupungua uzito haraka baada ya upasuaji hakukurudisha saa hiyo nyuma katika muda wa miezi michache waliofuatiliwa.

Kwa hiyo alama si za aina moja. Nyingine hufuata hali ya sasa ya mwili na hubadilika pamoja nayo. Nyingine ni kama historia iliyoandikwa, na hukawia kufutika. Kuanza mapema kupunguza uzito, kabla ya makovu kuwa mengi, kuna faida kuliko kusubiri.

## Uchunguzi na tiba

Kipimo cha uhakika cha makovu ya ini kimekuwa biopsi, ambayo ina maumivu na hatari ndogo ya kutoka damu. Ndiyo maana watafiti wanatafuta alama za epijenetiki katika damu. Seli za ini zinapokufa humwaga vipande vya DNA katika damu vikiwa bado na methili zake. Mwaka 2017 watafiti wa Newcastle waliripoti kwamba metilisheni ya PPARG katika vipande hivyo ilitofautisha wagonjwa wenye makovu mepesi na wenye makovu makali. Vipimo vya namna hii bado si vya kawaida hospitalini. Kwa sasa madaktari hutumia ultrasaundi, vipimo vya damu vya kawaida, na mashine zinazopima ugumu wa ini bila sindano.

Tiba ya msingi ni kupunguza uzito kwa chakula na mazoezi. Kupungua kwa asilimia 5 ya uzito wa mwili hupunguza mafuta ya ini. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza inflamesheni. Na asilimia 10 au zaidi huweza kupunguza makovu. Kuacha pombe na kutibu kisukari ni sehemu ya tiba. Mwaka 2024 dawa ya kwanza kwa ajili ya ugonjwa huu ukiwa na makovu, resmetirom, iliidhinishwa Marekani. Hiyo hufanya kazi kupitia kipokezi cha homoni ya tezi dundumio, si kwa kubadilisha alama za epijenetiki moja kwa moja.

Dawa zinazobadilisha alama zipo, kama vile azasitidini, inayozuia DNMT, na vorinostati, inayozuia vimeng'enya vya HDAC. Zinatumika kwa baadhi ya saratani za damu na za mfumo wa limfu. Ugumu wa kuzitumia katika ini lenye mafuta ni kwamba hugusa jeni nyingi katika mwili mzima, na ugonjwa huu hudumu miaka mingi. Mgonjwa wa saratani anaweza kuvumilia madhara makali kwa ajili ya kuokoa maisha. Mtu mwenye mafuta ya ini asiye na dalili hawezi kupewa dawa yenye madhara hayo kwa miaka 20.

## Chanzo au matokeo

Kuona alama tofauti katika ini lenye ugonjwa hakuthibitishi kwamba alama hiyo ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mafuta yenyewe, insulini nyingi na inflamesheni vinaweza kubadilisha alama. Mwaka 2017 utafiti mkubwa wa metilisheni katika damu ulionyesha kwamba mabadiliko mengi yanayohusishwa na unene ni matokeo ya unene, si chanzo chake. Hata hivyo mabadiliko hayo yaliweza kutabiri nani angepata kisukari cha aina ya 2 baadaye.

Ugumu wa pili ni mchanganyiko wa seli. Kipande cha ini lenye inflamesheni kina seli nyingi za kinga ambazo ini lenye afya halina, na kila aina ya seli ina alama zake. Tofauti inayopimwa inaweza kuwa ya idadi ya seli, si ya kubadilika kwa seli za ini.

Ugumu wa tatu ni kwamba kimeng'enya kimoja huweza kuwa na kazi zaidi ya moja. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba HDAC3 iliyoharibiwa uwezo wake wa kuondoa asetili bado iliweza kuzuia mafuta katika ini la panya, mradi ishikane na protini mwenzake. Kilichodhaniwa kuwa kazi ya asetili pekee kilikuwa na sehemu nyingine.

Tena tafiti nyingi zimefanywa Ulaya, Amerika na Asia ya Mashariki, mara nyingi kwa watu wanene waliokuwa wakifanyiwa upasuaji. Afrika Kusini kwa Sahara, ambako homa ya ini aina ya B na sumu ya aflatoksini katika nafaka na karanga zimekuwa sababu kuu za saratani ya ini, ina data chache kuhusu ini lenye mafuta, wakati unene na kisukari vinaongezeka mijini. Kwa kuwa alama za epijenetiki hutegemea chakula na mazingira, matokeo ya bara moja hayawezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ya bara jingine.

## Tazama pia

- Ini
- DNA
- Jeni
- Insulini
- Kisukari
- Unene wa kupindukia
- Homa ya ini
- Saratani ya ini